Nchi Iliyokuwa Inakuja

Wajukuu wangu wanasoma riwaya za miji ya kesho, ambako watu hufuatiliwa hata wakiwa usingizini. Wananisimulia huku wamekunja nyuso, wakidhani hadithi za namna hiyo zimezaliwa juzi. Mimi nilizisikia nikiwa mtoto huku Gitting, kijijini kwetu chini ya mlima, enzi za Waingereza, kutoka kwa shangazi yangu.

Alisimulia asubuhi, akitikisa kibuyu cha maziwa ili apate siagi. Ukungu ulikuwa ukishuka kutoka mlimani mpaka mlangoni, na sauti yake ikawa kama inatoka ndani ya kibuyu. Alisema iko nchi inakuja. Huko majani ya malisho yana mlinzi, mvua imefungiwa kwenye matangi, na ng'ombe wamesahau majina yao, wanaitikia namba.

Mama hakuzipenda hadithi hizo. "Wifi, unawatia watoto hofu," alimwambia.

"Hofu wanayo tayari," shangazi akajibu. "Wanawasikia mnavyonong'ona."

Ilikuwa kweli. Wakubwa walinong'ona kuhusu mashamba ya wageni yaliyozidi kumega malisho yetu, na kuhusu amri ya kupunguza mifugo.

Asubuhi moja wakaja watu wa serikali na vyuma vya chapa, wakawasha moto. Nilipoona namba ikiungua ubavuni mwa ng'ombe wa kwanza, nilijua ile nchi imefika. Nikamchukua ndama wangu mwekundu, nikaingia naye kwenye ukungu. Tulitembea mpaka sauti za nyumbani zikafifia, ikawa kama tunaelea, mimi na pumzi yake ya joto kiganjani mwangu. Sikuogopa. Nilimwita jina lake taratibu, tena na tena, asije akalisahau.

Shangazi ndiye aliyetupata.

"Shikamoo, shangazi," nikasema, maana sikujua la kusema.

"Marahaba." Akaketi kwenye majani yenye umande.

"Imefika?" nikamuuliza.

"Bado. Imechungulia tu."

"Utafanyaje isije?"

"Sijui, mwanangu. Mimi naisimulia, ili ikija tuitambue."

Ndama wangu alipigwa chapa siku ileile. Baadaye baadhi ya ng'ombe wetu walipelekwa mnadani, na boma likabaki na ukimya ambao hatukuujua.

Mvua ziliponyesha, tukiwa shambani tunapalilia mahindi, mama aliuliza ghafla, "Wifi, wale watu wa nchi ile, wanakula nini?"

Shangazi akaegemea jembe lake. "Wewe unadhani wanakula nini?"

Mama akainamisha kichwa kwa aibu. Halafu akaanza kusimulia, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake: habari za mwanamke wa nchi hiyo aliyekuwa akiota maziwa, na akiamka anakuta midomo yake ina povu jeupe. Tulisimama kati ya mahindi tukimsikiliza, na palizi ikalala mpaka mchana.