Habari ya Tangi la Bweni

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja ya Kitswamba, wilayani Kasese, mwalimu mkuu alinikabidhi chaki, ratiba ya vipindi na gazeti la ukutani. Gazeti lenyewe lilikuwa ubao wa mbao ambapo wanafunzi walibandika habari walizoandika kwa mkono. "Wewe ni mwalimu wa lugha," aliniambia, "kwa hiyo utakuwa mlezi wao. Wasahihishe sarufi, lakini usiwafundishe woga." Nilidhani wakuu wote wa shule wangekuwa kama yeye.

Baadaye nilihamishiwa shule ya bweni karibu na Bwera. Huko pia nilikuwa mlezi wa gazeti la ukutani. Mhariri wake, yaani mwanafunzi anayeamua habari ipi itoke na itoke vipi, alikuwa Mbambu, msichana wa kidato cha tano kutoka Maliba. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ndogo, na alipenda kuuliza mpaka watu wakachoka naye.

Muhula ule wasichana walianza kuugua matumbo. Asubuhi moja Mbambu alinijia, sketi yake imechafuka kutu.

"Madamu, nimepanda kwa tangi ya bweni. Ndege iko ndani ya maji. Imekufa, imeoza."

Tulikwenda pamoja, nami nikapanda, nikaona. Nikaliripoti jambo lile kwa mwalimu mkuu wa shule hiyo, akasema atalishughulikia. Wiki ikapita, maji yakaendelea kunywewa. Ndipo Mbambu akaandika.

Rasimu yake ya kwanza ilisema mwalimu mkuu hajali roho za watu. Nikamuuliza, "Moyo wake umeuona?" Akatikisa kichwa. "Basi andika ulichokiona." Akafuta. Nilimwambia asitaje majina ya wagonjwa, amuulize muuguzi wa shule, kisha ampe mwalimu mkuu nafasi ya kujibu, maana anayelaumiwa lazima asikike katika habari hiyohiyo. Akafanya yote. Mwalimu mkuu alimfukuza ofisini bila kumjibu, naye akaandika hivyo tu: kwamba aliulizwa, hakujibu.

Tuliibandika kabla ya gwaride la asubuhi. Haikukaa hata mpaka kengele ya somo la kwanza. Mwalimu mkuu aliichana mwenyewe, akatuita ofisini.

"Madamu, unawatumia watoto kunichafulia jina?"

"Hapana. Tangi liko pale. Twende ukalione."

Hakwenda. Alimgeukia Mbambu. "Utasimama gwarideni useme umedanganya. Ukikataa, funga sanduku lako."

Mbambu alinitazama. Nikamwambia mbele ya mkuu huyo, "Mwanangu, hukudanganya."

"Siwezi kusema nimedanganya, mwalimu," akamwambia mkuu. Jioni hiyo nilimsindikiza stendi na sanduku lake. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

Muuguzi aliwaonya wasichana wasinywe maji yale, lakini mabomba mengine yalikuwa makavu. Haukupita muda, Kavira wa kidato cha pili, binti wa wakimbizi kutoka Beni, ng'ambo ya mpaka, akafa kwa homa ya matumbo. Baba yake, mfanyabiashara mdogo wa vitenge mpakani Mpondwe, alikuja kuchukua godoro la binti yake.

"Mwalimu," aliniuliza, "mulijua ile maji iko mubaya?"

"Tulijua, baba. Tuliandika ukutani. Ikachanwa."

Alilikunja godoro taratibu. "Mutu angeniambia, ningemuchukua mutoto yangu."

Nilikwenda ofisi ya elimu ya wilaya, Kasese, nikaeleza yote. Tangi liliondolewa, likaletwa jipya. Mwalimu mkuu akabaki. Mimi nikapewa uhamisho kwenda Bwesumbu, juu kabisa mlimani, ambako niliomba ubao mwingine na kuanza upya, mpaka nikastaafu.

Sasa klabu za wanahabari shuleni huniita niwafundishe. Wana simu, wanapiga picha, habari inasambaa kabla mlezi hajaisoma. Nawaambia yaleyale: hakikisha, uliza, linda mnyonge, msikilize unayemlaumu. Na walimu wenzangu nawaambia wasimame karibu na watoto wao, kwa sababu mtoto hawezi kusimama peke yake mbele ya meza ya mkubwa.

Mwaka huu nilipanda Maliba kumwomba Mbambu aje azungumze nao. Nilimkuta akianika kahawa. Hakurudi shule tena baada ya siku ile; kifo cha Kavira alikisikia akiwa nyumbani. Wazazi wake waliogopa, kisha akaolewa. Alinikumbatia kwa furaha, akaniletea chai. Nilipomweleza ombi langu, alirudi kusambaza punje juani.

"Madamu, niwaambie nini? Kwamba niliandika vizuri?"

"Uliandika vizuri sana."

"Najua," akasema. "Na Kavira, je?"

Aliinuka kugeuza kahawa, nami, bila kurudia ombi langu, nikainuka kumsaidia.