Mume wa Kliniki

Mimba ya kwanza Scolastica aliibeba bila matata. Alilima, alivuna, alipiga soga na wenzake mpaka siku ikafika akajifungua. Hii ya pili imekuja na visa. Harufu ya wali, ambayo ukiwa Ifakara huwezi kuikimbia labda uhame, inampeleka chooni mbio. Ikikaribia saa saba mchana mtaa wao mzima wa Mlabani umebandika mchele mpya, naye anajifungia ndani na kipande cha limau puani. Usiku akilala, kiungulia kinampanda hadi kooni. Akikaa, mgongo unamuuma. Akibahatika kusinzia, mkojo unamwamsha.

Na washauri nao hawakauki. Jirani wa kulia anasema kiungulia ni nywele za mtoto. Wa kushoto anasema ni mtoto wa kike, wa kike ndio wasumbufu. Wa nyuma alimletea udongo wa kutafuna, eti yeye ulimsaidia. "Nikimaliza huu utaniletea na tofali?" Scolastica alimuuliza, wakanuniana.

Lakini aliyemchosha kuliko wote ni mumewe, Evaristo, dereva wa bodaboda. Mtu mwema, mcheshi, hajawahi kumwinulia mke mkono. Ila kumpata mtu mwema huyo kwa asubuhi moja tu! Zahanati wanataka mama anayeanza kliniki aje na mwenza wake, wapimwe wote wawili, na waliokuja wawili wanahudumiwa kwanza. Scolastica alimwomba tangu mimba ikiwa changa. Mara abiria ni wengi, mara tairi limepasuka, mara kuna mzigo wa kupeleka Namawala. "Kwani mimba ninayo mimi, mama Hilary?" alimuuliza siku moja huku akicheka, na Scolastica akatamani amtapikie kwenye viatu.

Mwisho alichoka. Akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuomba barua, ile wanayopewa wanawake wasio na mtu wa kuwasindikiza. Mwenyekiti akashangaa. "Si una mume wewe?"

"Ninaye," alijibu. "Wewe andika tu."

Basi asubuhi hiyo alikuwa amekaa mwisho kabisa wa benchi la zahanati, miguu imejaa ndani ya kandambili, pikipiki ikaingia uani. Mlio ule anaujua. Moyo wake, moyo wa kijinga, ukaruka kwa furaha: amekuja! Evaristo akashuka. Nyuma yake akashuka binti mwembamba wa miaka kumi na tisa hivi, kitenge kimefungwa juu ya tumbo lililoanza kuonekana. Wakapita mbele ya foleni bega kwa bega na kuingia kwa nesi. Benchi lile Evaristo hakulitazama hata kidogo.

Scolastica alihisi baridi mwili mzima. Akainuka, akaenda kusimama karibu na mlango wa nesi.

Muda si mrefu mlango ukafunguka kwa kishindo, Evaristo akatoka kinyumenyume ameshika mkanda wa suruali. "Mimi sichomwi! Sindano ya nini? Mimi si..." Akageuka, akakutana na mkewe uso kwa uso.

"Si nini?" Scolastica aliuliza. "Malizia, baba Hilary. Wewe si nini?"

Nesi, mama wa makamo aitwaye Agnella, akawavuta wote wawili ndani na kufunga mlango, maana benchi zima lilikuwa limeshatega masikio.

"Na wewe ni nani?" nesi alimuuliza Scolastica.

"Mimi ndiye mke wake. Kama na huyu ni mke wake, tuambiane."

Binti alikuwa analia. "Nisamehe, dada. Naitwa Edna. Huyu si wangu, nimemkodi kijiweni kwao bodaboda. Wasichana wote tunajua, ukikosa mtu wa kwenda naye kliniki unamfuata kaka Evaristo."

Nesi akashika kiuno. "Ndiyo maana! Nilikuwa najiuliza sura hii naijua wapi. Mwezi uliopita ulikuwa mume wa nani, baba?"

"Ni kuwasaidia tu, Sista," Evaristo alisema akitazama sakafu. "Wanaogopa kuja peke yao."

"Kuwasaidia! Nusura nimchome asiyehusika, anayehusika yuko mtaani, halafu unaniambia kuwasaidia!"

Edna alieleza mwenyewe, kwa sauti ya chini. Amekutwa na kaswende. Mwenye mimba ni Tadei, kijana wa mashine ya kukoboa mpunga. Kijana huyo aliwahi kupata kidonda sehemu za siri, hakikumuuma, kikapona chenyewe, naye akajua yamekwisha.

"Kilichopona ni kidonda, ugonjwa umebaki kwenye damu," nesi alisema, akihema kwa hasira. "Wewe nitakuchoma leo na utapona. Yeye asipochomwa atakuambukiza tena, na mtoto tumboni ndiye atakayeumia. Mapenzi mnayajua, kuuliza mnaona aibu!"

Scolastica alisikia maneno mawili tu: mtoto tumboni. Akajishika tumbo. Binti anasema amemkodi, sawa, lakini mtu aliyeweza kuwa mume wa hawa wote bila yeye kujua, ameficha mangapi mengine? Kama ugonjwa ule umeshaingia nyumbani kwake je?

"Mpime," alisema. "Na mimi nipime. Sitoki humu mpaka nijue."

"Mama Hilary, huniamini?"

"Nikuamini kwa lipi?"

Vidole vikatobolewa. Wakakaa kwenye kiti kirefu kusubiri, mke huku, mume kule, kiungulia kikimuunguza Scolastica kifuani na hofu ikimuunguza zaidi. Nesi alipogeuka na kusema kuwa wote wawili wako safi, Scolastica alilia kwa sauti na hakujali nani anasikia.

Evaristo akapumua, akaanza kucheka. "Si nilikwambia?"

"Acha kucheka," nesi alimkatiza. "Kamlete huyo Tadei."

"Sasa hivi, Sista! Namleta hata kwa kumfunga kwenye siti. Edna mdogo wangu, usilie, narudi naye." Alikuwa ameshashika ufunguo, ameshafika mlangoni.

Scolastica aliutazama wepesi ule. Hasira ilikuwa imemtoka, na kilichobaki kilimuuma kuliko hasira.

"Evaristo," alimwita.

Akageuka.

"Huyu binti amekulipa?"

"Kidogo tu, hela ya mafuta."

"Ungenitajia bei na mimi," alisema. "Ningekukodi."