Uyoga wa Mpakani

Kagongwa ukimuuliza mtu kiwanja chake kinaishia wapi, anakuonyesha kwa kidevu. Anisia yeye alikuwa na cha kuonyesha kwa kidole: mijohoro mitatu, imesimama mstari kama watoto wa shule wanaongoja viboko, kati ya uwanja wake na wa shemeji yake Festo. Aliipanda marehemu mumewe, Magesa, mwaka ule aliokata mninga mkubwa uliokuwa hapohapo akachongesha kitanda. Kitanda kipo mpaka leo. Magesa ndiye hayupo.

Siku ya kuanua matanga wazee wa ukoo walikaa, wakala, wakashiba, ndipo wakakumbuka kwamba kuna mjane. Festo, mdogo wa marehemu, alitaka mpaka usogee hadi ukutani kwa Anisia, maana malori ya kwenda Isaka yalishaanza kulala Kagongwa, na yeye alikuwa anaota fremu za maduka. Wazee siku hiyo walikuwa na aibu kidogo. Wakakataa. Ikaandikwa kwenye daftari la kitongoji: mpaka ni mijohoro mitatu iliyo hai. Hilo neno "hai" alilitia mwenyekiti, mtu aliyeona mengi. "Nguzo inatembea," alisema. "Mti wenye mizizi hautembei."

Uwanja ukabaki wa Anisia. Hapo ndipo anapotandika maturubai na kuanika mpunga wa watu kabla haujaenda mashineni. Shamba hana, ng'ombe hana. Uwanja ndio jembe lake.

Mwaka jana mvua za kwanza ziliponyesha, aliamka akakuta uyoga. Umeizunguka mijohoro yote mitatu, vichwa vya kahawia, umebanana kama watu kwenye msiba wa tajiri.

Mwingine angechuma akapika. Anisia alikaa chini. Miezi michache nyuma mjohoro wa pale mashineni ulianguka mchana kweupe, na shinani kwake ulikuwa na uyoga. Kila mtu aliuona. Tangu hapo Kagongwa nzima wakawa madaktari wa miti: uyoga ukiota shinani, mti umeshakufa ndani, unangoja upepo wa kuusindikiza.

Akampigia binti yake Nelly, aliyeolewa Buseresere.

"Mama, huku sisi uyoga tunakula."

"Nyie mnaula. Huku unanila mimi."

Akaanza vita. Kila asubuhi, kabla Jenifa mke wa Festo hajatoka kufagia, anaukwangua kwa jembe na kuutupa chooni. Kesho yake umeota. Akaujaribu kwa maji ya moto. Ukaota. Akanunua chumvi ya ng'ombe, ile ya mabonge, akaichemsha kwenye sufuria la misiba na kuimwaga shinani. Hapo ukanywea. Anisia alifurahi mpaka akaimba wimbo wa kwaya. Ikawa kila baada ya siku mbili anapita mti kwa mti na sufuria lake, kama nesi wa zamu.

Festo alimwona. Mtu anayengojea kitu huamka mapema.

"Shemeji, siku hizi unaogesha miti?"

"Naimwagilia. Jua kali."

"Jua? Na mvua yote hii?" Akacheka. "Haya, mwagilia. Mti ni kama mume, usipoutunza unaondoka."

"Wa kwangu aliondoka ametunzwa, Festo. Ulikuwepo."

Kesho yake Jenifa akaja na mzigo wa kuni kichwani.

"Mama Nelly, shemeji yako kasema tukuletee. Anakuona unavyohangaika kuchemsha."

"Wabeja, mayu," Anisia akashukuru kwa Kisukuma, kwa moyo wake wote. Akasema shemeji kabadilika. Wiki iliyofuata zikaja kuni nyingine. Mtu akikuletea kuni bure, muulize anataka uivishe nini. Anisia hakuuliza.

Kwaresima majani yakawa ya njano. Akaongeza chumvi. Pasaka ilipofika, miti yote mitatu ilikuwa uchi.

Ndipo Festo akamwita mwenyekiti, akamwita na Kamili, bwana misitu wa kata. Kamili akachimbachimba kwa panga, akatoa kipande cha mzizi mwekundu, umeoza, unapukutika.

"Hapa palikuwa na mti mwingine?"

"Mninga," Anisia akasema. "Baba Nelly aliukata."

"Basi uyoga ulikuwa unakula mizizi ya huo mninga. Imetambaa huku chini kote. Ule wa mashineni ulikuwa uyoga mwingine kabisa. Mijohoro yako ilikuwa mizima, mama." Akaonja udongo kwa ncha ya ulimi, akatema. "Nani kamwaga chumvi?"

Festo alikuwa anaangalia lori linalopita, kwa makini ya mtu anayetaka kulinunua.

"Nimemwaga mimi," Anisia akasema. "Kuni kaleta Festo."

"Kuni nimeleta, sikatai," Festo akasema taratibu. "Lakini sufuria lilikuwa lako, shemeji."

Mwenyekiti akafungua daftari, akalifunga. "Mama Nelly, lile neno nililitia kwa ajili yako."

"Najua, mzee."

Wazee wa ukoo wakaja tena. Wakala tena, safari hii kwa Festo, nyama. Hawakuwa na aibu yoyote. Wakasema miti imekufa, basi hakuna mpaka. Sasa mpaka ni ukuta wa mjane. Festo akaikata mijohoro mwenyewe, na kwa ukarimu wake akamletea Anisia kuni zake.

Siku hizi Anisia anaanika mpunga ukingoni mwa barabara, anafukuza kuku kwa mkono mmoja na mbuzi kwa mwingine, vumbi la malori likimsaidia kuongeza uzito.

Mvua za mwaka huu uyoga umerudi, nyuma ya fremu za Festo, mwingi kuliko mwanzo. Jenifa kauchuma, kaupika kwa karanga, kamletea bakuli limefunikwa vizuri.

Anisia alikaa kitandani, kile cha mninga, akaonja. Haukuwa na chumvi. Chini ya kitanda lilikuwepo bonge moja la chumvi ya ng'ombe, la mwisho. Alilivuta kwa mguu, akalitazama, akalirudisha uvunguni, akala hivyohivyo mpaka akamaliza.