Mji Ambao Hakuna Aliyeomba Kuuhama

Ofisini walimwita Bi Faili, na kwa miaka ishirini na miwili aliitika bila kununa. Kazi yake ilikuwa masjala ya makao makuu, kile chumba cha nyuma ambako barua zote za idara hupokelewa, hugongwa muhuri, huandikwa kwenye rejista na kuwekwa katika jalada lake. Alikuwa hodari. Mtu akija kuulizia barua yake ya likizo ya miaka mitano nyuma, Bi Faili alinyanyuka, akaenda moja kwa moja kabatini, na kabla hujamaliza kujikuna kichwa ameshaishika mkononi. Mshahara wake haukuwa hodari kama yeye.

Aliishi na mamamkwe wake katika vyumba viwili vya kupanga. Mumewe, fundi umeme, alikuwa ameanguka kutoka juu ya nguzo miaka tisa nyuma, na tangu siku ya mazishi wanawake wale wawili hawakuulizana nani abaki na nani aende. Walibaki. Kila Jumamosi asubuhi bibi kizee alichukua fimbo yake akatembea hadi makaburini kung'oa majani kwa mwanawe. Ulikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa mtu mwenye miguu mizima, na arobaini kwake yeye.

Mwenye nyumba wao alikuwa mtu wa maneno machache na kodi ya kistaarabu. Alipofariki, nyumba ikaangukia kwa mwanawe wa kwanza, mtanashati mmoja aliyekuja na barua iliyochapwa vizuri: kodi inapanda kwa nusu. Miezi sita baadaye akaja na nyingine. Hakugomba. Alitabasamu, akamwamkia bibi, akaulizia na hali ya magoti. Lakini akufukuzaye hakwambii toka. Kodi ikawa inameza zaidi ya nusu ya mshahara, na kilichosalia kilifika katikati ya mwezi kikichechemea.

Bi Faili akaanza kutafuta. Madalali walimzungusha mji mzima hadi soli za viatu zikalika. Chumba cha kwanza kilikuwa ghorofa ya nne, ngazi nyembamba, giza mchana kutwa. Akamweleza dalali kuwa anaishi na mama wa miaka sabini na minane.

"Huyo akishapanda huku si atashuka siku ya kuzikwa tu," dalali akasema huku akicheka. Kisha akauona uso wa Bi Faili, akajifanya kutafuta funguo mfukoni.

Chumba cha pili kilikuwa chini, ila choo ni kimoja na wapangaji ni kumi na wanne. Cha tatu kilikuwa mbali mno: alichookoa kwenye kodi kingeishia kwenye nauli, na juu yake saa mbili za barabarani asubuhi na mbili jioni. Aliporudi siku ile hakuvua hata viatu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mkoba bado begani, mpaka mamamkwe akaja kumvua mwenyewe.

Mwenzake wa meza ya pili, mwanamke mcheshi asiyeweza kukaa na neno, alimwambia kesho yake: "Wewe nawe! Majalada ya uhamisho ya watu wote unayafungua wewe. Lako mbona hulifungui? Idara ina matawi kila mahali. Omba uende kwenye nafuu."

Maneno yale yalimkaa. Tatizo lilikuwa moja: nafuu iko wapi? Kila aliyemuuliza alimsifia mji wa kwao. Bi Faili hakuziamini sifa za midomoni, aliamini karatasi. Akawa anatumia saa ya chakula kupekua barua za uhamisho za miaka yote. Hakutazama watu wanaomba kwenda wapi, kwa maana kila mtu huomba kwenda kunakosifiwa, na kunakosifiwa kodi iko juu. Alitazama wanaomba kutoka wapi. Mji wa migodi, barua arobaini na ushei: vumbi, vifua, bei za vitu. Mji wa mpakani, hamsini. Mji wa kwenye ziwa ulikuwa mzuri, lakini hata huko watu walilia na kodi. Baada ya wiki tatu akabaki na mji mmoja wa milimani, mdogo, mwisho wa reli. Kwa miaka ishirini na miwili haikutoka huko hata barua moja ya mtu kuomba kuondoka.

"Watu wametulia," alimwambia mamamkwe wakati wa kula. "Hakuna hata mmoja anayetaka kuhama."

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," bibi akajibu, akaendelea kutafuna.

Akachukua likizo ya siku nne, akaenda kuona kwa macho yake. Alimkuta muuguzi mstaafu, mjane, mwenye nyumba ndogo ya kupangisha: vyumba vitatu, jiko la peke yake, bomba uani linalotoa maji kweli. Kodi yake haikufika robo ya mshahara. Bi Faili alisimama kwenye chumba ambacho jua la asubuhi lilikuwa likiingia dirishani, akagusa ukuta, akainama akatazama chini ya sinki kama mtu anayetafuta nyoka.

"Mama, kuna nini hapa?" akauliza hatimaye. "Mbona rahisi hivi?"

"Hakuna kitu," yule muuguzi akasema. "Ndiyo maana rahisi. Watoto wetu wote wamekimbilia huko unakotoka wewe."

Alirudi na furaha aliyoogopa kuionyesha. Na kweli, mamamkwe alipoelezwa aliweka kikombe chini.

"Na huyu nimwachie nani?" akauliza. Hakuwa na haja ya kumtaja.

"Mama, tutakuwa tunakuja."

"Nenda wewe, mwanangu. Wewe bado mtu wa kutafuta maisha. Mimi nilishayatafuta, nikayapata, nikayazika."

Bi Faili hakumbishia. Barua aliyokuwa ameianza aliikunja akaitia mkobani, na kwa miezi miwili haikutoka. Aliyeitoa ni mtanashati wa kodi. Asubuhi moja, Bi Faili akiwa kazini, yule mwenye nyumba mpya alileta mafundi wawili kupima vyumba, maana alitaka kuvivunja afanye maduka. Walibisha hodi kwa adabu. Walipima ukuta kwa ukuta, wakapima na upande wa kitanda, huku bibi amekaa juu yake na miguu ameinyanyua ili utepe upite. Bi Faili aliporudi alimkuta amekaa palepale.

"Wamenipima kama maiti," bibi akasema. "Andika hiyo barua yako. Lakini kila mwaka unanileta kwake, hata kama ni kwa kubebwa."

Ombi likakubaliwa, wakahama mwanzoni mwa kiangazi. Nyumba ikawa kama ilivyoahidiwa, maji na jua vyote. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi mshahara ulikutana na mshahara mwenzake. Bibi hakuzoea haraka. Jumamosi asubuhi aliamka, akashika fimbo, akafika mlangoni, akakumbuka. Mwishowe muuguzi mstaafu akawa anapita saa ile makusudi, wanazunguka wote mtaa mzima polepole, magoti manne mabovu yakilalamika pamoja.

Tawi lenyewe lilikuwa na wafanyakazi kumi na tisa. Mkuu wa zamani, aliyelishika miaka ishirini na mitatu, alikuwa amestaafu mwaka uliopita. Mkuu mpya, kijana mwepesi wa mwendo, alikuja na meza mpya, na ile ya zamani ikasukumiwa masjala kwa Bi Faili. Droo yake ya chini ilikuwa imefungwa na ufunguo hakuna ajuaye uliko. Bi Faili alitaka mahali pa kuweka mihuri. Akamwita fundi wa kufuli, droo ikafunguliwa kwa dakika mbili.

Ndani zilikuwamo barua thelathini na moja. Zote zilielekezwa makao makuu, na zote zilikuwa za kuomba uhamisho. Kwa utaratibu wa idara, barua ya namna hiyo lazima ipitie kwa mkuu wa tawi, naye ndiye huituma. Yule mzee hakuwa ametuma hata moja. Aliogopa kubaki bila watu, akawa anazipokea, anatikisa kichwa kwa huruma, kisha anafunga droo.

Bi Faili alizisoma zote. Mwanamke aliyetaka kwenda kumuuguza baba yake. Karani wa stoo aliyekuwa na mtoto asiyesikia, na shule ya watoto wa aina hiyo iko mji mwingine. Aliyeandika mara nne, mwandiko ukipungua heshima kila mara. Hawa ndio watu waliotulia. Kwa ajili ya kimya chao alimng'oa mama mzima kutoka kwa mwanawe.

Akazipeleka kwa mkuu mpya. Kijana alizipekua juu juu, akashusha pumzi.

"Bi, wengine humu wameshastaafu. Wengine wameshakufa. Haya ni ya kale, tuyaache yalale."

"Barua haizeeki mpaka ijibiwe, bosi," Bi Faili akasema. "Mimi ni masjala. Kazi yangu ni kuipeleka ilikoandikiwa."

Kijana akatoa kalamu akasaini barua ya kusindikizia. Bi Faili akaziingiza rejistani moja moja, akazigonga muhuri wa tarehe ya siku ile, akazituma. Kwa mwenzake wa zamani wa meza ya pili, kule makao makuu, akaandika kikaratasi cha pembeni: Ndugu yangu, hizi usizilaze.

Majibu yalianza kuja baada ya miezi mitatu. Mengi yalikuwa ya kusikitika: mhusika amestaafu, mhusika hayupo tena, jalada lifungwe. Moja lilikuwa la tarishi wa tawi, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mpole, aliyesambaza barua za ofisi kwa baiskeli. Ombi lake la miaka minane nyuma limekubaliwa. Mke wake alikuwa mgonjwa katika mji wa hospitali kubwa, naye alitaka kuwa karibu.

Bi Faili alimwita ndani akamkabidhi mwenyewe. Tarishi alisoma amesimama, akarudia tena tangu mwanzo.

"Mzee aliniambia mmekataa," akasema.

"Hatukukataa, kaka. Hatukuiona."

"Mke wangu alikufa mwaka wa pili. Nilifika siku ya tatu, wameshamzika." Aliikunja barua taratibu kwenye mikunjo yake. "Miaka yote hii nimewachukia ninyi wa makao makuu. Nilikuwa nikisema, kuna mtu ameketi kwenye kiti huko, ameisoma barua yangu, na bado akasema hapana."

"Mtu huyo angekuwa mimi," Bi Faili akasema. "Ndimi niliyekuwa nazipokea."

Tarishi alitoka, na kwa siku kadhaa alikuwa akiacha barua mlangoni bila kuingia. Bi Faili alimsimulia mamamkwe yote, hata lile la kuuchagua mji kwa kimya cha watu waliozibwa midomo. Alitegemea lawama. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nyumba hukuiiba," akasema. "Kaa ndani yake. Lakini huyo mtu usimkimbie."

Wiki ya pili tarishi akaingia, akaketi bila kukaribishwa.

"Ninaye binti kule," akasema. "Ana mtoto wa miaka mitatu. Hanijui zaidi ya picha. Je, ruhusa hii bado inafanya kazi, hata kama sababu yake haipo?"

"Inafanya kazi. Andika tu sababu mpya, nami naituma leo."

Alisafiri mwezi uliofuata. Bi Faili aliomba ruhusa ya saa moja akamsindikiza kituoni, akamchukulia mfuko mmoja. Baiskeli ya ofisi tarishi alikuwa ameirudisha imeoshwa na mnyororo umepakwa mafuta. Garimoshi lilipopiga honi, Bi Faili alitaka kumwomba msamaha, lakini tarishi akamtangulia.

"Dada, yule karani wa stoo, mwenye mtoto asiyesikia. Amejibiwa?"

"Bado."

"Wakumbushe, basi. Mtoto anakua."

Wakapeana mkono kupitia dirishani. Garimoshi likaondoka. Bi Faili alirudi ofisini kwa mguu, ilikuwa bado saa nne asubuhi, akaketi, akavuta karatasi, akaanza kuandika barua ya kukumbusha.