Ndama Aliyebaki Zizini

Baba aliuza ng'ombe ili nisome, na kila alipoulizwa ninasomea nini alijibu, "Mambo ya mwanga." Kijijini kwetu, jirani na Mwadui, walicheka mpaka wakachoka. Vijana wa rika langu walikuwa Geita wanachimba dhahabu, wasichana wameolewa kwa mahari nono, na mzee mzima anamaliza zizi kwa kitu ambacho jua linatoa bure. Iliniuma, maana baba kweli hakuwa na jibu jingine, na hasira zangu hazipoi haraka.

Likizo iliyopita ng'ombe wetu wa maziwa alichanganyika na kundi la jirani kule lamboni, tunakonyweshea mifugo. Jirani akashikilia kwamba wote ni wake. Kwetu ubishi wa namna hiyo hauchukui muda. Ndama huachwa zizini mama yake akienda malishoni, kwa hiyo ndama ndiye huletwa kuamua. Wa kwetu akafunguliwa mbele ya wanaume wote waliokusanyika, baba akiwemo. Vumbi lilikuwa limetanda, kundi zima linalia, na ng'ombe walifanana kweli. Ndama akasimama, akainua masikio, kisha akapenya katikati yao hadi kwa mama yake na kuanza kunyonya.

Hapo nikacheka. Baba mdogo, bingwa wa kunitania, akauliza, "Mwanangu, unachekea nini?"

"Kazi yangu, baba mdogo. Tunazalisha chembe mbili za mwanga, mapacha. Moja tunaituma ikatafute kitu kilichojificha, nyingine tunaibakiza maabara. Iliyotumwa ikigonga kile kitu, inarudi imezama kwenye kelele, huwezi kuitenganisha na mwanga mwingine. Iliyobaki ndiyo inayotusaidia kuitambua. Hata kelele ikivunja undugu wao, chapa yake haifutiki yote."

Jirani akaanza kumtenga ng'ombe wetu bila kusukumwa.

"Kumbe ni ndama," baba mdogo akasema.

"Ni ndama," nikajibu, na nilijivuna, sifichi.

Wakati wa kurudi baba alitangulia na wenzake. Nilimsikia njia nzima akiwaeleza kwa mikono miwili: huyu anatumwa, huyu anabaki. Mahali pengine alikosea, lakini sikumsahihisha. Alikuwa amelingoja jibu hilo tangu alipouza ng'ombe wa kwanza.