Nusu ya Mwamvita, Nusu Yangu

Kila alasiri sie watatu tulikaa barazani kwa kina Mwamvita, Temeke, tukichambua mchele na kukariri masomo ya chuo cha ualimu.

Mwamvita alianza sentensi. Mie na Benedicta tukaimalizia.

"Mbu hutaga mayai..."

"...kwenye maji yaliyotuama."

Mchele uliisha upesi, vicheko tele.

Siku moja Mwamvita akapaliwa na kashata.

"Jovina, anza wewe," Benedicta akasema.

Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

Mama Mwamvita akachungulia dirishani. "Vipi, mashine imeishiwa mafuta?"

Wakacheka. Nami nikacheka, uso ukiniwaka.

"Lakini umeelewa, shoga?" Mwamvita akauliza, akijifuta machozi ya kikohozi.

"Nimeelewa."

Ndivyo nilivyojibu kila siku. Niliona haya kuwachelewesha wenzangu.

Ijumaa ikafika. Kila mmoja alitakiwa kufundisha watoto wa darasa la tatu, peke yake, mbele ya Bi Filomena, mkufunzi wetu. Atakayeshindwa, harudi muhula ujao. Na baba alikwishasema: nikirudishwa, nitakaa nyumbani nilee wadogo zangu.

Nikaitwa wa kwanza.

Nilisimama chini ya picha ya Malkia wa Uingereza hadi chaki ikalowa jasho mkononi. Kila kilichonijia kilikuwa mkia wa sentensi. Mwanzo wake sikuujua.

Bi Filomena akanionyesha benchi la nyuma.

Hapo sikuweza kumtazama mtu. Lile kundi lilinipa moyo wa kusoma, kweli. Lilinipa pia mahali pa kujificha.

Akasimama Mwamvita, tegemeo letu.

"Mbu hutaga mayai..."

Akangoja.

"Mbu hutaga mayai..."

Akatutafuta kwa macho, mie na Benedicta. Ndipo nikatambua: hata yeye hakuwahi kuimalizia sentensi ile. Tulimmalizia sie.

"Kwenye maji yaliyotuama," nikasema kabla sijajizuia.

Watoto wakageuka, wakaangua kicheko. Bi Filomena hakucheka.

"Mnasoma pamoja nyie?"

"Ndiyo, Bi," Mwamvita akajibu, macho chini.

"Kusoma pamoja si vibaya. Vibaya ni kuitikiana tu, hakuna anayemuuliza mwenzake. Jumatatu nawasikiliza upya, mmoja mmoja." Akanigeukia. "Jovina, umeelewa?"

Lile jibu la kila siku likafika ulimini. Nikalimeza.

"Hapana, Bi. Sijaelewa. Sijaelewa tangu muhula uanze."