Taa Niliyoifunika kwa Plasta

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile ya masika niliyovuka korongo la kwenda Nyambureti nikiwa nimembeba mtu aliyepondeka mguu. Wenzangu wa rika langu wakikaa na vijana husema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Mimi nitakuambia vingine, na kama hutapendezwa, maji ya kunywa yako mtungini, kunywa uende zako.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Baba alikuwa amefariki akaniachia pikapu kuukuu, kwa sababu katika watoto wake wote ni mimi tu niliyekaa naye nikajifunza kuendesha. Kaka zangu walitaka iuzwe wanunue ng'ombe, na mimi nitafutiwe mume. Nikakataa yote mawili. Ilikuwa miaka ya dhahabu, ile tuliyoiita rashi, watu wanamiminika machimboni kutoka Nyarero, kutoka Issenye, hata ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka. Wachimbaji wanakula na wanakunywa kama watu wengine, basi mimi nikawa nabeba mapipa ya maji na magunia ya unga. Wanaume walikuwa wanasimama kando ya makorongo kunitazama nikivuka, wanangoja nikwame.

"Gari limemshinda mura, kijana wa kiume," walikuwa wanasema, "litawezwa na msichana?"

Sasa pikapu ile ilikuwa na tabia yake. Ikitoka majini huwasha taa kwenye dashibodi. Mara taa ya betri, mara ile nyekundu yenye alama ya kibirika, taa ya oili. Mara ya kwanza niliogopa, nikasimama, na wale wanaume wakaniambia injini imekufa, niuze vyuma. Nilikaa ndani nikala muhogo wangu, nikawasha tena, taa zikazimika zenyewe. Ikawa hivyo mara nne, mara tano. Mwishowe nikaona taa zile na wanaume wale ni kitu kimoja, kelele tupu. Nikachukua plasta ya kidonda nikaibandika juu ya ile ya kibirika, ili isinisumbue macho.

Siku ile ya masika duara moja, shimo la kuchimbia dhahabu, liliporomoka asubuhi. Wakamtoa mchimbaji anaitwa Marwa, yu hai, lakini mguu wa kulia umesagika chini ya goti. Gari lilikuwa moja tu pale, langu, na hospitali ilikuwa Mugumu. Wakamlaza nyuma juu ya magunia, wawili wakamshikilia. Mke wake, Robi, akakaa mbele na mimi. Hakulia. Alikuwa ameshika kiatu kimoja cha mumewe.

Korongoni maji yalikuwa yamejaa mpaka magurudumu hayaonekani. Niliingia taratibu, gia ya kwanza, kama baba alivyonifundisha. Katikati nikasikia jiwe limegonga chini, kishindo kimoja, tukapanda upande wa pili. Nikashukuru Mungu, nikakanyaga mafuta.

Robi akaniambia polepole, "Dada, hapa chini ya plasta kunawaka kitu chekundu."

Nikamjibu, "Kiache, kimezoea."

Hayo ndiyo maneno yangu, mwanangu. Sikupunguza hata moja.

Tulipofika katikati ya mlima injini ikaanza kugonga kama mtu anayepiga nyundo ndani ya pipa. Nikazima. Marwa nyuma alikuwa ameacha kulalamika, na hilo liliniogopesha kuliko kelele zake.

Kwa bahati alikuwa anateremka mzee Salimu, fundi wa Mugumu mwenye asili ya Tanga, anasukuma baiskeli. Alikuwa ametoka kutengeneza mashine ya kusaga kijiji cha juu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akamtazama mgonjwa, kisha akafungua mlango wangu akaichungulia dashibodi. Akaibandua plasta kwa ukucha.

"Nani kaweka hii?"

"Mimi."

"Binti, watu wakikuambia huwezi, wakatalie. Hata mimi nikikuambia, nikatalie. Lakini taa haijui kama wewe ni mwanamke. Inakuambia kilichomo ndani tu. Sasa umekataa kusikia, na anayelipa ni huyu aliyelala nyuma."

Hakunipigia kelele. Angenipigia kelele ningepata la kumjibu.

Alilala chini ya gari kwenye matope. Jiwe lilikuwa limeng'oa nati ya kumwagia oili, na oili yote ilikuwa imebaki njiani. Akachonga kijiti, akakizungushia kipande cha mpira wa baiskeli yake mwenyewe, akakigongomelea pale kwenye tundu. Kisha ikabidi apande tena mlima kwa miguu mpaka kwenye mashine, akaombe oili. Alipokwenda na kurudi, jua lilikuwa limeshapita utosini. Robi alisimama muda wote huo juu ya magunia, ametandaza kanga kumkinga mumewe jua.

Tulifika Mugumu tukitambaa. Marwa alipona, lakini mguu ulikatwa. Nilimuuliza daktari kama tungefika mapema ungeokolewa. Akasema huenda ndiyo, huenda hapana. Hiyo "huenda" ninayo mpaka leo. Methali inasema asiyesikia huvunjika guu. Haisemi guu la nani.

Nilikwenda kwa Robi, nikamwambia nilichofanya mbele ya wakwe zake wote. Akasema, "Afadhali umekuja kusema mwenyewe." Msamaha mwingine sikuupata, na sikuudai.

Kaka zangu wakaita kikao. Wakasema mwanamke ameua mguu wa mtu, gari liuzwe. Walidhani aibu itanilainisha. Nikawaambia kosa ni langu na nimelibeba, lakini halikutokana na uanamke wangu, lilitokana na plasta, na plasta imeshatoka. Gari haliuzwi. Nikaondoka kikaoni nikaenda moja kwa moja kwa mzee Salimu, nikamwambia nifundishe. Watu walisema mengi kuhusu msichana anayelala chini ya magari. Nikawaacha wayamalize.

Alinifundisha kuwa maji hudanganya, lakini si kila mara. Ukishavuka, taa ya betri ikiwaka na mkanda wa feni unapiga mluzi, huenda umelowa tu, utakauka na taa itazimika. Isipozimika, fungua boneti, maana mkanda ukikatika hata maji ya injini hayazunguki. Taa ya kibirika usiipe hata dakika. Zima injini hapo hapo. Chungulia chini kama kunavuja. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa imepungua, umepata jibu. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani, usiwashe tena. Ikiwa imejaa na ni safi, fuata waya wa ile taa, uchomoe, uukaushe, urudishe, kisha washa usikilize. Ikizimika, ni waya ndio uliokuwa unasema uongo. Isipozimika, zima, ita fundi. Miaka iliyofuata wanaume wale wale walikuwa wanasimamisha magari yao korongoni kunisubiri niwasomee taa zao. Niliwasomea.

Kwa hiyo sikufundishi utii, mwanangu. Wapo watakaokuambia nyamaza, uza, kaa chini, rudi nyumbani. Wakatalie, hata wakiwa na mvi kama zangu. Lakini jifunze kutofautisha anayekudharau na anayekuonya, maana sauti zao zinafanana ukiwa na hasira. Anayekuonya, simama umsikilize, upime mwenyewe kwa mikono yako. Na ukikosea, usimtafute wa kumsingizia. Nenda kwa uliyemuumiza, sema, kisha rudi kazini.

Mungu akupe shingo ngumu mbele ya wanaokubeza, na moyo mwepesi mbele ya ukweli. Akujalie kazi isiyokuaibisha na wazee wasiokuonea. Na wote utakaowabeba katika maisha yako, awafikishe.